Historia ya Kenya kwa ufupi, tukiiangalia kutoka huku Nakuru na Kisumu: maswali yenye huulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali naulizwa sana na wanafunzi, na wageni, na pia watu wa kwetu wenye wamekaa Nairobi miaka mingi. Nimeyajibu nikiwa huku, juu historia ya Kenya husimuliwa ikianzia Nairobi na Mlima Kenya alafu sisi wa huku tunatajwa tu wakati wa kura na fujo. Mimi nakataa. Ukifuatilia ardhi, mipaka, na nani atakalia kile kiti kikubwa, utapata hayo yote yanapitia kwa reli na kwa ziwa.

Kwani historia ya Kenya inaanza lini, si ni wakati wazungu walikuja?

Hapana jamani. Kule Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya, alipata mifupa ya kijana mwaka wa 1984, na huyo kijana aliishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Kisiwa cha Rusinga kilitoa fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, mnyama wa jamii ya nyani wa miaka milioni 18 hivi. Hapa Nakuru tuko na Hyrax Hill, mahali watu waliishi enzi ya mawe na tena enzi ya chuma, ata utaona bao limechongwa kwa mwamba, mashimo yamepangwa safu safu, mtu alikaa hapo akicheza ziwa likiwa mbele yake. Ukielekea Gilgil kuna Kariandusi, huko ni mashoka ya mawe yametapakaa.

Sasa watu wa leo walifika wakihama, sio siku moja na sio njia moja. Wajaluo walitoka upande wa Sudan wakapitia Uganda wakaingia Siaya karibu na Got Ramogi, kama miaka 500 imepita. Waluhya, Wakisii na Wakuria ni Wabantu, Wakalenjin na Wamaasai walishuka kutoka kaskazini. Wote walikuta wengine tayari wako, wakaoana, wakapigana, wakaibiana ng'ombe, wakafanya biashara. Ndio maana mtu akikuambia kabila lake liko hapa tangu uumbaji na hakuna mwingine aliyewahi kuishi hapo, msikilize tu kwa heshima.

Kuna kitu kimebaki chenye naweza enda kuona, ama ni hadithi tu?

Enda Thimlich Ohinga, kule Migori. Ni kuta za mawe makavu, hakuna simiti, hakuna udongo katikati, jiwe limekalia jiwe na limesimama tangu karne ya 16 hivi, na mahali pengine ukuta unapita kimo cha mtu mara mbili. Mlango wake ni mfupi makusudi. Lazima uiname ndio uingie, na ukiinama kichwa chako kinatangulia, kwa hivyo mlinzi akiwa ndani ako na wakati mzuri wa kuamua kama wewe ni mgeni ama ni adui. UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Mimi huumia sana nikikutana na mtoto wa sekondari hapa Nyanza mwenye anajua piramidi za Misri lakini hii hajawahi isikia.

Huku kulikuwa na mfalme?

Wawanga walikuwa na Nabongo, na mwenye anajulikana sana ni Nabongo Mumia. Boma lake lilikuwa kituo cha misafara ya biashara kutoka pwani, Joseph Thomson alipita hapo 1883, na Askofu Hannington akapita 1885 akielekea Buganda, akauawa Busoga. Mumia alishirikiana na Waingereza, wakamfanya chifu mkuu mwaka wa 1909, na ndugu zake wakawekwa machifu juu ya watu wengine wenye hawakuwa Wawanga kabisa, kama Murunga kwa Wabukusu. Hiyo ilileta chuki ya miaka mingi. Mumia akafa 1949, na kufikia hapo wazungu walikuwa washahamisha makao yao kutoka Mumias wakaenda Kakamega.

Wengine humwita msaliti. Mimi sipendi hilo neno kwake, juu alikuwa na maadui kila upande na bunduki zilikuwa za mzungu, lakini pia siwezi kuambia Mbukusu asahau.

Ni kweli Kisumu ilikuwa Uganda?

Kweli kabisa, na Nakuru pia. Waingereza walitangaza himaya yao ya Afrika Mashariki mwaka wa 1895 lakini upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha mpaka ziwani, ulikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka wa 1902 wakauhamisha ukaja upande huu, sababu kubwa ikiwa ni kwamba walitaka reli yote iwe chini ya usimamizi mmoja. Hakuna mwenye aliulizwa. Kalamu ilipita, watu wakalala Uganda wakaamka kwingine.

Idi Amin alifufua hayo maneno Februari 1976, akasema sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni yake, Wakenya wakajaa barabarani kumpinga, na baadaye akanyamaza. Mpaka wa Tanzania nao ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kati ya 1886 na 1890, ukagawanya Wamaasai, Wakuria na Wajaluo, na mpaka leo ukienda Isebania utakuta familia moja iko na vitambulisho vya nchi mbili.

Kwanini mnazungumza reli sana hivyo?

Juu bila reli hii nchi haingekuwa na hii sura. Ilianzia Mombasa 1896, ikafika mahali pa Nairobi 1899, na Nairobi wakati huo haikuwa mji, ilikuwa kambi kwa bwawa. Ikashuka Bonde la Ufa, ikapita Nakuru, ikapanda Mau, ikashuka tena Fort Ternan, Muhoroni, Kibos, mpaka ikagonga ziwa Desemba 1901. Huo mwisho wakauita Port Florence, kwa jina la mke wa Ronald Preston mwenye alikuwa anasimamia utandikaji wa reli. Karibu Wahindi 32,000 waliletwa kufanya kazi, kama 2,500 wakafa, na elfu kadhaa wakabaki. Ukiona maduka ya zamani ya Kisumu na miwa ya Kibos, mizizi ya hao watu iko hapo, na ni Wakenya kama wewe.

Sasa shida ni hii: reli ilikuwa imekula zaidi ya pauni milioni 5 na ilikuwa inapita mahali hakuna mzigo wa kubeba. Serikali ikataka wakulima wazungu waje walime kando ya reli ndio pesa irudi. Hapo ndipo mambo ya mashamba yalianzia, na hapo ndipo sisi bado tuko.

Wanandi walipigana na Waingereza kweli miaka kumi?

Ndio, 1895 mpaka 1905. Kulikuwa na utabiri kwamba nyoka wa chuma atatoka baharini akitema moto, na reli ilipofika Wanandi walikuwa tayari. Walikata nyaya za simu, wakang'oa chuma za reli wakatengeneza mikuki na mapambo. Kiongozi alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei. Waingereza walituma jeshi mara kadhaa na hawakumaliza kazi.

Tarehe 19 Oktoba 1905 afisa wa jeshi la Waingereza, Richard Meinertzhagen, alimuita kwa mazungumzo ya amani. Koitalel akaja na wazee wake. Akauliwa hapo hapo kwa risasi pamoja na watu wake, mtu alikuja kuzungumza amani. Mahakama za kijeshi zikamchunguza Meinertzhagen mara tatu na mara tatu zikamsafisha. Alichukua fimbo za Koitalel, zilirudi Kenya 2006 tu, kupitia kwa mtoto wa Meinertzhagen. Familia ya Koitalel bado inadai kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na bado wanangoja jibu. Na adhabu haikuishia hapo, ukoo wa Talai, ndio wa Orkoiyot, walitolewa Kericho miaka ya 1930 wakapelekwa Gwassi kando ya ziwa, mahali pa mbung'o na malaria, wakakaa huko mpaka karibu uhuru.

Na sisi wengine tuliketi tu tukitazama?

La. Wabukusu walipigana 1895 wakamalizikia kwa ngome ya Chetambe, hapo juu ya Webuye. Wakisii, Otenyo alimchoma mkuki mzungu Northcote 1908, akichochewa na nabii Moraa, na vijiji vikachomwa kulipiza. Wagiriama wa pwani walikuwa na Mekatilili 1913. Kila mtu alipigana na saa yake, shida ni hatukupigana saa moja.

Mashamba ya Nakuru yalikuwa ya nani, na wazungu waliyapata vipi?

Hili ndilo swali lenye moto zaidi kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Nyasi za Nakuru, Naivasha na Elementaita zilikuwa malisho ya Wamaasai. Miaka ya 1890 ugonjwa wa ng'ombe, ndui na njaa viliwapiga vibaya, wazungu wakifika wanaona uwanda mkubwa na watu wachache wakasema ni ardhi tupu. Mwaka wa 1904 wakawekelewa mkataba, wakahamishwa kwenda Laikipia na pia kusini, na mkataba ulisema itakuwa hivyo milele mradi Wamaasai wapo. Milele ilidumu miaka saba. 1911 ukaletwa mkataba mwingine, wakatolewa Laikipia pia. Walienda kortini na kesi ikatupwa.

Wakina Lord Delamere wakachukua maelfu ya ekari Njoro na baadaye Soysambu. Sheria ya 1915 ikawapa masetla, yaani hao wakulima wazungu, hati za miaka 999, yaani karibu karne kumi. Sasa shamba kubwa bila wafanyikazi ni msitu tu, kwa hivyo serikali ikaweka kodi ya nyumba, lazima ilipwe kwa pesa, na pesa ilikuwa kwa mzungu. Wakikuyu wengi walikuja Bonde la Ufa kama skwota, wanamfanyia setla kazi siku kadhaa kwa mwaka, wanapewa mahali pa kulima na kuchunga. Watoto wakazaliwa hapo, hawajui kwingine. Alafu masetla wakaanza kupunguza ng'ombe za skwota na kuongeza siku za kazi. Wengine waliwekwa Olenguruone, wakakataa masharti ya serikali, wakafukuzwa kati ya 1948 na 1950, mazao yakiharibiwa na nyumba zikichomwa. Kiapo cha umoja kiliwashika sana hapo Olenguruone kabla Mau Mau, vita vya kumtoa mkoloni, haijajulikana kwa hilo jina. Mtu akikuambia Mau Mau ni maneno ya Nyeri na Murang'a peke yake, mwambie afike Olenguruone kwanza.

Kipande ndio kitambulisho?

Kitambulisho cha leo kina babu mbaya, na huyo babu ni kipande. Kilianza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kuenda juu alikuwa abebe karatasi yenye alama za vidole, jina, kabila, mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo kidogo cha bati chenye kilining'inizwa shingoni kwa kamba. Ubaya wake ulikuwa kwa saini. Setla asipotia saini kwamba amekuachilia, hakuna mwingine angekuandika kazi, na ukitoroka polisi wanakupata kupitia hiyo karatasi. Mshahara wa zamani ukiwa umeandikwa hapo, mwajiri mpya hawezi kukuongeza, anaangalia tu anaandika ule ule. Wanaume wazima walitembea na hicho kikopo kama ng'ombe wa kengele.

Siasa ya kudai haki si ilianza na Harry Thuku Nairobi?

Thuku alikuwa mkubwa, sikatai. Aliposhikwa Machi 1922 watu walijaa nje ya polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume moyo, risasi zikapigwa na watu wakafa, yeye akiwa mmoja wao.

Lakini Desemba 1921, huku Gem, mahali panaitwa Lundha, maelfu ya watu walikutana, wengi wa viongozi wakiwa wamesoma Maseno, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Watu waliita harakati hiyo Piny Owacho. Walikuwa wanapinga kipande, kodi, kazi za kulazimishwa, na kugeuzwa koloni, juu Kenya ilifanywa koloni 1920. Serikali iliogopa ikamtumia Archdeacon Owen kuituliza, akaigeuza ikawa chama cha walipa kodi, mambo ya usafi na panya, ikapoa. Hata hivyo mbegu ilikuwa imeingia.

Kakamega nayo, dhahabu ilipatikana 1931. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi ardhi ya Waafrika haitaguswa, 1932 wakaibadilisha haraka haraka ndio wachimbe bila kuulizana na wenyewe wala kuwapa ardhi ingine. Na Bungoma kulikuwa na Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, mwenye alikataa amri za wazungu waziwazi. Februari 1948 polisi walipiga watu risasi Malakisi, 11 wakafa. Masinde alifungwa na mkoloni, na baada ya uhuru serikali yetu wenyewe ikamfunga tena.

Mau Mau ilikuwa ya Wakikuyu peke yao?

Msituni wengi walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, huo ni ukweli na heshima yao isiguswe. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, ikaisha 1960. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa, vijiji vizima vikazungushiwa waya, na Hola 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957. Waingereza walikubali kulipa fidia 2013 tu, watu 5,228, wengi wakiwa wazee wa kutembelea mkongojo.

Lakini angalia: katika wale sita walioshtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, pamoja na Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba, kulikuwa na Achieng Oneko wa Nyanza. Alishinda rufaa na bado wakamfungia. Wakili Argwings Kodhek wa Gem alitetea washukiwa wa Mau Mau wakati mawakili wengi waliogopa. Kisiwa cha Mageta, hapa ziwani kwetu, kilikuwa kambi ya wafungwa. Na wakati Kenyatta alikuwa ndani na jina lake halitajwi bungeni, Jaramogi Oginga Odinga alisimama 1958 akasema hao ndio viongozi wetu.

Madaraka, Uhuru na Jamhuri ni tofauti gani?

Madaraka ni 1 Juni 1963, tulianza kujitawala mambo ya ndani. Uhuru ni 12 Desemba 1963. Jamhuri ni 12 Desemba 1964, malkia akatoka kuwa mkuu wa nchi na Kenyatta akawa rais.

Kabla ya hapo, 1957, Waafrika wanane walichaguliwa kwa mara ya kwanza, na ukiangalia hiyo orodha huku ndiko ilijaa: Odinga, Masinde Muliro, Oguda, Moi, na Tom Mboya mwenye alichaguliwa Nairobi lakini kwao ni Rusinga. Alafu 1960 wakagawanyika. Chama cha KANU kilitaka serikali moja ya katikati, chama cha KADU ya Ngala, Muliro na Moi ikataka majimbo, juu makabila madogo yaliogopa kumezwa. KANU ilishinda kura ya 1963, KADU ikajivunja mwaka uliofuata, na majimbo yakazikwa bila matanga.

Mbona wazungu wengine walibaki na mashamba baada ya uhuru?

Agosti 1963 Kenyatta alikuja hapa Nakuru akakutana na masetla, wengi wao wakiwa na mizigo tayari, akawaambia wasahau yaliyopita, wabaki walime. Wengine walibaki mpaka leo. Wengine waliuza, na hapo kulikuwa na mpango wa ekari milioni moja wa kugawia Waafrika, lakini haikuwa bure, ilikuwa mkopo, mtu ananunua ardhi yenye babu yake alinyang'anywa. Mwenye alikuwa na pesa ama mtu serikalini alipata kubwa, kampuni za kununua ardhi zikaleta watu kutoka Kati, na wenye walikuwa wakidai hapo ni kwao tangu zamani wakabaki wakinung'unika. Ukitaka kuelewa vita vya kura vya Molo na Burnt Forest usianze na 1992, anzia hapa.

Kenyatta na Jaramogi walikosania nini?

Watu husema ni ukabila. Ulikuja, lakini mwanzoni ilikuwa ardhi na njia ya kufuata. Odinga na Kaggia walitaka mashamba yapewe watu bila kununua, na hawakutaka Kenya iegemee Magharibi tu. Pio Gama Pinto mwenye alikuwa nao aliuawa kwa risasi Februari 1965. Mkutano wa Limuru 1966 ukapunguza cheo cha Odinga ndani ya KANU kikagawanywa vipande, akajiuzulu umakamu wa rais, akaunda chama cha KPU. Kaggia alikuwa Mkikuyu na alienda naye, hiyo watu husahau.

Ni nini haswa ilifanyika Kisumu 1969?

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi akitoka duka la dawa. Nyanza ikalia na ikakasirika. Oktoba 25 Kenyatta akaja Kisumu kufungua hospitali kubwa yenye ilijengwa kwa msaada wa Urusi, ndio mpaka leo sisi huiita Russia. Yeye na Odinga wakarushiana maneno makali hadharani, umati ukapiga kelele, mawe yakarushwa, na msafara ukitoka walinzi wakafyatua risasi kwa watu waliosimama kando ya barabara. Serikali ilisema wamekufa 11. Wenyeji wanasema ni wengi zaidi, na watoto wa shule walikuwepo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini. Kwa karibu miaka tisa iliyofuata Kenyatta hakurudi Kisumu mpaka akafa, na barabara na viwanda navyo havikuja. Hakuna mtu amewahi shtakiwa kwa hiyo siku. Ningetaka angalau majina ya waliokufa yaandikwe mahali, jiwe moja tu hapo Russia.

Baba ya Obama alienda Marekani na ndege ya Mboya?

Alienda mwaka ule ule wa 1959, lakini hakuwa kwa ile ndege ya kwanza ya mpango wa Mboya wa kupeleka Wakenya kusoma Marekani, yenye ilibeba wanafunzi 81. Alienda kivyake Hawaii. Kwao ni Kogelo, Siaya.

Enzi ya Moi ilikuwaje?

Kenyatta alikufa Mombasa 22 Agosti 1978, makamu wake Moi akachukua, akasema atafuata nyayo. Mwanzo watu walifurahia, wafungwa wa siasa wakaachiliwa, maziwa ya shule yakaja. Juni 1982 Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na Agosti 1 wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, ikashindwa siku hiyo hiyo. Baada ya hapo ilikuwa hofu. Raila, mtoto wa Jaramogi, akawekwa kizuizini miaka, vyumba vya mateso vya Nyayo House vikajaa, Wagalla 1984 watu wengi sana waliuawa na wanajeshi kule Wajir, na 1988 kura ikapigwa kwa mlolongo, mwenye laini fupi anatangazwa ameshinda. Februari 1990 waziri Robert Ouko alichukuliwa nyumbani kwake Koru, mwili ukapatikana Got Alila umechomwa. Tume zikaundwa, miaka ikapita, na bado hakuna mwenye alihukumiwa. Nakuru ilimpenda Moi, shule ziliongezeka, na mzee wa Kabarak alikuwa jirani, kwa hivyo hapa ukiuliza utapata majibu mawili kwa meza moja.

Vita vya kura vilianza lini, na ni kweli ni makabila yanachukiana tu?

Watu waliandamana Saba Saba, 7 Julai 1990, na Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa. Kabla ya hapo kidogo, Oktoba 1991, vita vilizuka shamba la Miteitei, Tinderet, hapo mpakani na Kisumu, vikaenea Molo, Londiani, Burnt Forest. Majirani wenye walikuwa wamekopeshana jembe wakachomeana. Tume ya Akiwumi ilichunguza ikapata mkono wa wanasiasa na maafisa wa serikali. Kwa hivyo hapana, sio chuki ya damu, ni mashamba yenye hayakuwahi kutatuliwa na mwanasiasa mwenye anajua mahali pa kuwasha kiberiti.

2002 ilikuwa raha, Kibaki akaingia na muungano wa NARC, shule ya msingi ikawa bure 2003. Alafu kura ya 27 Desemba 2007. Matokeo yakatangazwa jioni, na tume ya Kriegler ilisema baadaye haiwezekani kujua nani alishinda. Watu 1,133 wakauliwa kulingana na tume ya Waki, laki kadhaa wakahama. Kisumu wengi waliuliwa kwa risasi za polisi. Kiambaa, Eldoret, watu walichomwa ndani ya kanisa. Nakuru mwisho wa Januari ikawaka pia, na uwanja wa maonyesho ukageuka mji wa hema. Kofi Annan akawapatanisha Kibaki na Raila tarehe 28 Februari 2008.

Katiba ya 2010 ilibadilisha nini kwetu?

Ilipitishwa Agosti 4 kwa asilimia 67 na ikatangazwa 27 Agosti 2010. Ilileta kaunti 47, na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima iende huko. Kwa maneno mengine yale majimbo ya KADU yenye yalizikwa 1964 yamefufuka yakiwa madogo madogo, na ilichukua miaka karibu hamsini na damu nyingi kurudi kwa meza ile ile. Wizi umehamia huko pia, si siri. Lakini mama wa Nyatike ama Kuresoi akitaka zahanati anajua mlango wa kugonga, hapandi basi la usiku kuenda Nairobi.

Na mahakama ikapata meno, Septemba 2017 Jaji Mkuu Maraga na wenzake walifuta kura ya urais, kitu Afrika haikuwa imewahi kuona.

Mbona hamtaji wamama?

Nimewataja Moraa, Mekatilili na Nyanjiru hapo juu. Ongeza Grace Onyango, meya wa kwanza mwanamke Kenya, na alikuwa meya wa Kisumu, alafu 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge. Wangari Maathai alipata Nobel 2004. Na wale mama wa wafungwa wa siasa wenye walikaa Uhuru Park 1992 wakidai watoto wao, polisi wakaja na marungu, wakavua nguo kuwalaani.

Tangu hapo mpaka sasa?

Uhuru Kenyatta 2013, kura mbili 2017, kusalimiana kwake na Raila Machi 2018, Ruto 2022. Juni 2024 vijana wakaingia barabarani juu ya mswada wa fedha, tarehe 25 wakaingia bunge, wengine wakauliwa, na rais akaurudisha mswada. Nakuru, Kisumu na Eldoret walitoka pia, bila kuuliza mwenzako ni kabila gani, na hilo mimi sikuwahi kuliona nikikua. Raila Odinga alikufa 15 Oktoba 2025 akiwa India, akazikwa Bondo siku nne baadaye, karibu na babake.

Nikitaka kuona kwa macho na watoto nianzie wapi?

Ukiwa Nakuru anza na Hyrax Hill, iko tu kando ya barabara kuu, alafu Kariandusi siku hiyo hiyo. Ukiwa Kisumu pitia makavazi ya Kisumu, alafu Kang'o ka Jaramogi, boma la Jaramogi, huko Bondo. Thimlich Ohinga inataka siku nzima na gari la kuvumilia, beba maji. Rusinga kuna kaburi la Mboya, sasa kuna daraja la Mbita kwa hivyo hupandi boti. Nandi Hills kuna makavazi ya Koitalel, na Kapenguria zile seli za wale sita ziko bado. Kila mahali uliza wazee wa hapo, si lazima ukubaliane nao, na uandike jina la mwenye alikuambia na mwaka.